Ati Mbegu Imechoka

Keringet,
Jumapili, baada ya kanisa

Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi, mahali ambapo chai hupoa kabla hujaipuliza. Mimi ni mzima. Kifua kimeacha kunisumbua tangu ninunue makoti mawili ya mtumba, nami huyavaa yote mawili kwa pamoja bila haya. Je, goti lako linaendeleaje? Nimesikia umepanda tena juu ya paa kugongelea mabati kana kwamba wewe ni kijana aliyetoka jandoni juzi. Mwachie fundi kazi yake, naye ana watoto wanaokula. Na macho ya Mama? Na ule mgomba uliokuwa umeinama, uliuwekea mhimili au ulingoja uanguke ndipo ulalamike?

Ninaandika kwa sababu simu imetushinda. Nilipokuwa nikikueleza mambo yangu wewe ulikuwa ukisema "ee, ee," na mwisho ukauliza kama mvua imenyesha. Kwa hiyo Mama atakusomea polepole. Mama, tafadhali, usiruke pale nitakapomsema mzee wako.

Nianze na jibu, kisha nieleze. Umesema niombe uhamisho nirudi Vihiga kwa kuwa binamu yetu Amos amekuambia wazazi wa huku wamenishtaki kwa mwalimu mkuu. Siombi. Ni kweli wamenishtaki, na bado siombi. Najua unachoogopa. Ulitutoa Nakuru mwaka ule mbaya wa vita vya baada ya uchaguzi, ukaiacha nyumba ya reli ulimoishi tangu ujana wako wa kuunganisha mabehewa, na tangu hapo ukisikia kwamba watu wa Bonde la Ufa wamekasirika unanusa moshi. Sikulaumu. Lakini hili la safari hii nimelianzisha mwenyewe darasani, kwa mdomo wangu, na nimelimaliza mwenyewe, karibu lote.

Kwanza nikuondolee lile la nyani, linalosemwa juu ya somo langu la bailojia, maana ndilo lililowachoma huko kanisani kwenu. Hakuna anayefundisha kwamba babu yako alikuwa nyani. Mnaiwazia ile picha inayobandikwa kwenye kuta za maabara: nyani ameinama, wa pili ameinuka kidogo, wa tatu zaidi, mpaka wa mwisho ni mwanamume aliyenyooka kama askari wa gwaride. Hiyo ni picha ya ngazi. Ngazi ina juu na chini, kwa hiyo kila anayeitazama huuliza yeye amesimama wapi na jirani yake wapi. Wataalamu waliiacha zamani wakachukua picha ya mti wenye matawi. Kwenye mti huo nyani si babu, ni binamu wa mbali sana, na wewe Baba unao mabinamu wa karibu ambao ungewabadilisha na nyani kesho asubuhi kama soko lingekuwepo.

Nimeanza na hilo ili uone kwamba picha hubeba maneno ambayo mchoraji hakuyasema. Ndivyo ilivyonipata mimi.

Nilikuwa na wasichana wa Kidato cha Nne, mtihani wa majaribio uko mlangoni. Kitabu kinasema viumbe huzaliwa wengi kuliko chakula kilichopo, ndipo kunakuwa na mapambano, na wanaofaa zaidi ndio wanaosalia. Unajua siwezi kufundisha bila mfano. Nikawaambia wachukue shamba moja, familia tatu, chakula cha familia moja. Nani atabaki? Darasa zima likaitika kwamba ni mwenye nguvu. Nikafurahi, nikadhani wamenielewa. Hapo Faith, msichana wa dawati la mbele ambaye huinua mkono hata nikiuliza nani ameona chaki, akasema kwa sauti ya mtu anayetafuta alama:

"Kama huku kwetu, Madam. Time ya vita, wenye walikuwa strong walibaki, wenye walikuwa weak wakaenda."

Wachache wakacheka. Sikuona ubaya usoni mwake, Baba. Alikuwa anajibu swali langu, tena kwa mfano wangu.

Nyuma kuna msichana anaitwa Mercy. Huyu hana kelele, anataka kusomea uuguzi, na bailojia ndiyo somo lake. Wazazi wake walikuwa na shamba hapa hapa Keringet, wakalikimbia katika vita hivyo, wakaenda kwa jamaa zao Kabazi. Mercy alizaliwa huko Kabazi. Alipoanza kutembea wakarudi kwenye shamba lao, wakaanza upya. Darasa zima linajua. Aliposikia jibu la Faith alifunga kitabu, akaomba ruhusa ya kutoka, nami nikampa nikidhani anaenda msalani.

Hakurudi siku hiyo wala siku zilizofuata. Mama yake akatuma ujumbe kwamba anampeleka Kabazi akae na shangazi. Kwa mwanafunzi wa Kidato cha Nne hilo si jambo la kusema hivi hivi. Ameshasajiliwa kwetu kufanya mtihani wa taifa, na akiondoka sasa, mtihani umempita. Uuguzi wenyewe utakuwa umekwenda.

Mwalimu mkuu akaniita. Simu zilikuwa zimepigwa kutoka pande zote mbili, waliokimbia wakisema nimewaita wanyonge, waliobaki wakisema nimewaita wanyang'anyi. Kwa mara ya kwanza wazazi wa huku walikubaliana jambo moja, na jambo lenyewe ni ubaya wangu.

"Madam Kageha," akaniambia, "si ufundishe tu yenye iko kwa silabasi, uwachane na mashamba ya watu?"

"Mwalimu, hiyo ndiyo iko kwa silabasi."

"Basi ifundishe polepole."

Nilitoka ofisini nimekasirika, na hasira zangu unazijua, zinahitaji mahali pa kwenda. Safari hii zilikwenda kwenye vitabu. Nilitaka kujua ni nani aliyeingiza vita ndani ya somo la viumbe, kwa sababu nimetazama majani, minyoo na vyura kwa miaka mingi na sijaona jeshi.

Ukisoma vizuri, Baba, unaona hawa wataalamu walikuwa watu kama sisi. Mtu akikutana na jambo ambalo halina jina hulitafutia jina kwenye vitu vya nyumbani kwao. Yule mzee Mwingereza aliyeiandika nadharia hii ya viumbe kubadilika alikuwa akizungumza sana na wafugaji, akiona wanavyoteua kondoo na njiwa wa kuzalisha. Akasema basi maumbile nayo huteua hivyo. Ni picha nzuri, imewafungua watu macho dunia nzima. Ila ina mfugaji ndani yake, na msomaji akiiona lazima aulize mfugaji huyo ni nani na anapenda nini. Rafiki yake akamwonya kuhusu hilo, akamshauri atumie maneno ya mtu mwingine: kusalia kwa wanaofaa zaidi. Waliruka majivu wakakanyaga moto. Sasa mfugaji ametoka, wameingia washindi na walioshindwa.

Na hayo mapambano nayo yalitoka kwenye kisiwa chao kilichojaa watu, ambako walikuwa wakihesabu midomo na mikate. Wenzao wa nchi za theluji, ambako unaweza kutembea siku nzima usione mtu, walipokisoma kitabu kile walishangaa. Huko kwao adui alikuwa baridi, na mnyama aliyeikwepa baridi ni yule aliyejibanza na wenzake. Wakaandika juu ya kusaidiana. Viumbe ni wale wale, ila kila mtu aliwatazama kupitia dirisha la kwao. Siku hizi wengine husema chembe za urithi ni maandishi, wengine husema ni wachoyo. Kila picha inaonyesha kitu na kuficha kingine, na mwalimu asiyejua inachoficha atakuja kukiona kwenye uso wa mtoto wa watu.

Jumamosi nikapanda kilima kwenda kwa kina Mercy. Nilimkuta mama yake shambani akichambua viazi, ambavyo huku kila mtu, wa kabila lolote, huviita waru. Kubwa zilikuwa zimeshatiwa kwenye magunia ya kwenda Nakuru. Ndogo, za ukubwa wa yai la kuku anayeanza kutaga, alikuwa akizikusanya pembeni ziwe mbegu. Sikumsikia Mercy, ila niliona mlango wa jikoni ukisogea.

"Mwalimu, karibu. Sina haja ya maneno mingi," akasema. "Mtoto aliniuliza kama sisi ndio wale wanyonge. Ati iko kwa kitabu ya serikali."

Nikamwambia haiko. Nikamwambia mfano ulikuwa wangu na ulikuwa mbaya, na kwamba Ijumaa nitaifundisha ile ile mada tena, wazazi wakiwepo, na nikamwomba aje.

"Nije kutukanwa mara ya pili?"

"Uje uone kama nitakosea tena. Nikikosea, wewe ndiye utanisahihisha."

Akarudi kwenye viazi vyake. "Mavuno imekuwa mbaya," akasema, kama anayezungumza na udongo. "Hii mbegu imechoka."

Hapo ndipo nilipopata somo langu. Huku Baba, viazi vikianza kupungua msimu baada ya msimu, kila mkulima atakuambia mbegu imechoka. Mimi mwenyewe husema hivyo. Na kwa kuwa imechoka, wanaihurumia kama mtu aliyechoka: wanaibadilishana na mtu wa upande wa pili wa kilima ipate udongo mgeni, wanaipumzisha ghalani, mmoja aliniambia yeye huianika jua la asubuhi tu. Mbegu haichoki, Baba. Inaumwa. Picha ya uchovu ni nzuri, ila imewafanya watu watafute mapumziko wakati walitakiwa kutafuta mgonjwa.

Ijumaa walikuja wengi kuliko nilivyotaka, maana umbea una miguu. Mwalimu mkuu alisimama nyuma kabisa, amekunja mikono. Nikawapeleka wote, wazazi na wasichana, kwenye shamba la shule ambako viazi vilikuwa tayari kuchimbwa na majani bado yako juu. Mama Mercy alikuja. Mercy hakuja. Baba Faith naye alikuja, mzee mrefu mwenye kofia ya sufu, akasimama mbele kama mwanawe.

Nikamwomba achimbe shina moja lililonawiri. Likatoa viazi vikubwa vinono na vidogo viwili vitatu. Nikamwomba Mama Mercy achimbe shina la jirani, lililodumaa na majani yamejikunja. Likatoa vidogo vitupu. Tukafanya hivyo mashina kadhaa, vyote tukavimwaga kwenye rundo moja kama wanavyofanya nyumbani.

"Sasa chagueni mbegu," nikasema.

Hawakuhitaji kufundishwa. Kila mtu aliinama akaokota zile ndogo.

"Na kubwa je?"

"Kubwa ni za soko," Baba Faith akasema. "Nani anapanda chakula ya pesa? Zinaenda Nakuru kukaangwa chipo."

"Mzee, hizo ndogo ziko mkononi mwako zimetoka kwa shina gani?"

Akazitazama. Akalitazama lile shina lililojikunja. Akaanza kucheka kidogo kidogo, halafu akaacha. "Mwalimu, unataka kusema miaka yote hiyo tumekuwa tukichagua ugonjwa?"

"Kuna mtu aliuchagua?"

"Hapana. Nani mwenye akili angechagua hiyo?"

"Basi ndiyo hiyo. Hakuna aliyechagua, na bado imechaguliwa. Wale wa vitabu huita uteuzi, lakini hakuna mkono. Shina lenye nguvu ndilo limeondoka, limeliwa. Shina gonjwa ndilo limebaki, likazaa, likajaza shamba. Sasa niambieni, hii iliyobaki imebaki kwa sababu ni bora?"

Wakazigeuza zile ndogo mikononi, kila mtu akifikiria shamba lake. Nikawaonyesha ile njia ya kuchomeka kijiti kando ya kila shina zuri lingali na maua, ili siku ya kuchimba mbegu itoke hapo tu. Nikageukia wasichana nikawaambia kwamba mfano wangu wa familia tatu naufuta. Ulikuwa na vita ndani kwa sababu niliviweka mimi, na kitu kubaki mahali hakuthibitishi chochote juu ya haki yake ya kuwa hapo, wala kuondoka hakuthibitishi kwamba hakikufaa. Hayo ni maswali ya watu, na watu ndio wanaopaswa kuyajibu. Nilisema kwa sauti kubwa, Baba, ile sauti yako ya kusimamisha mabehewa.

Hapo Mama Mercy akafuta mikono kwenye leso, akauliza mbele ya watu wote, bila hasira:

"Sawa, Mwalimu. Na sisi wenye tulitoka tukarudi, hiyo kitabu inatuita nani?"

Nilimwambia ukweli, kwamba kitabu hakina jina lao. Akatikisa kichwa kama aliyetarajia hivyo. Ni Baba Faith aliyesema, huku akiangalia viazi:

"Huyu ni jirani yangu. Ng'ombe wake anakulaga mahindi yangu kila mwaka. Jina ingine sijui."

"Ng'ombe ni yako," Mama Mercy akajibu papo hapo. "Mahindi ndiyo yangu."

Watu wakaangua kicheko, hata mwalimu mkuu akafungua mikono yake. Waliondoka wakiwa bado wanabishana juu ya huyo ng'ombe. Mimi nilibaki shambani nikikusanya viazi, nimeridhika. Sijawahi kufundisha vizuri vile na sijui kama nitaweza tena, ila najua naweza kukaa huku.

Nisalimie watu kabla karatasi haijaisha. Msalimie shangazi yangu anayeuza mboga, mwambie yale masweta ya kufuma bado nayasubiri na shingo yangu pia. Msalimie kaka yangu mdogo fundi pikipiki, mwambie kuoa si kosa la jinai. Msalimie mchungaji, mweleze habari ya mti na matawi, lakini hiyo ya mabinamu iache. Amos msalimie pia, na umwambie akileta habari azilete zote. Mama, wewe nakukumbatia. Nitawaletea viazi Agosti, vile vikubwa, tuvile bila kujuta.

Najua umekuwa ukingoja useme, "Na huyo mtoto?" Nimekungojesha kwa makusudi.

Mercy alikuja Jumatatu. Alichelewa, viatu vimejaa matope, akaketi nyuma pale pale kwake, na mimi nikaendelea kuandika ubaoni kana kwamba hakuna kilichotokea, maana ningegeuka ningelia. Nilikuwa nimeuliza kwa nini zile ndogo ndizo zimejaa shambani. Faith alikuwa ameshainua mkono.

"Zilibaki kwa sababu kubwa zilichukuliwa," akasema. Kisha hakuketi. Alisimama akichezea kalamu, jambo ambalo si lake. "Kwa hivyo, Madam, kubaki si kushinda."

"Si kushinda."

"Hata sisi?"

Mercy akanitangulia kujibu kutoka nyuma, kwa ile sauti yake ndogo:

"Hata nyinyi. Na sisi kwenda, haikuwa kushindwa."

Baba, kila unaposimulia habari za Nakuru humalizia kwa kusema, "Basi, tulishindwa." Umesema hivyo mbele ya wageni, umesema mbele yetu tukiwa watoto, umesema juzi kwenye simu. Mama, hayo maneno ya Mercy msomee mara ya pili.

Ni mimi binti yako, niliyerithi jina la mama yako na kichwa kigumu cha kwako,

Kageha